Neno Nililotaka Lisitoke

Leicester, Uingereza
3 Februari 2024

Mpendwa Benedetta,

Assalaam aleikum. Natumai barua pepe hii itakukuta salama, wewe na Protus na watoto, na kwamba mvua za mwaka huu hazijawaingilia ndani huko Burumba. Sisi huku hatujambo, ila baridi inatutafuna. Shangazi Aidah, dada yake Baba, anakusalimu sana. Ametimiza miaka sabini na tisa, magoti yanamsumbua, lakini ulimi uko vilevile, wewe unamjua.

Najua utashangaa kuona jina langu. Miaka mitatu imepita tangu msiba wa Baba na hatujaandikiana hata salamu ya Idi. Sitazunguka. Nina shida, na mtu wa kunisaidia ni wewe.

Kabla ya kuuza jengo la duka la Baba la uchapaji, ndugu yangu Usman alinakili kila kitu kilichokuwa kwenye kompyuta ya Baba na kunitumia kwa flashi. Ni faili mia tatu na kumi na mbili, zote za Kigujarati: kadi za harusi, matangazo ya mazishi, jarida la jamii yetu la kila mwezi, na folda moja ambayo Baba aliipa jina "Hanan". Nazifungua nakuta takataka. Kwa mfano, folda yangu inaanza na neno hili: NLSZL. Kisha mistari na mistari ya namna hiyo, herufi kubwa za Kiingereza zimechanganywa na mabano na nukta.

Kazini kwangu, kwenye ofisi ya kumbukumbu, nimejifunza kuandika programu kidogo, kwa hiyo najua tatizo. Fonti za zamani zilikuwa zinaidanganya kompyuta. Ukibonyeza N, kompyuta inahifadhi N ya Kiingereza, lakini fonti inaivika umbo la Kigujarati. Fonti ikipotea, nguo zimevuliwa, inabaki N. Siku hizi kuna mpango wa dunia nzima unaoitwa Unicode, ambapo kila herufi ya kila lugha ina namba yake mwenyewe. Naweza kuhamisha faili zote ziingie Unicode, mradi nijue kila kitufe kilikuwa herufi gani. Fonti yenyewe hatuipati. Ile karatasi ya vitufe iliyobandikwa ukutani Usman anasema ilioza.

Wewe ulikaa kwenye kibodi ile miaka kumi na tisa, mpaka duka lilipofungwa. Tafadhali niandikie orodha. Nataka kujua baba yangu aliniandikia nini.

Wako,
Hanan


Burumba, Busia
19 Februari 2024

Hanan,

Tumsifu Yesu Kristu. Sisi wazima. Protus yuko, watoto wako shule, mimi siku hizi nafanya kazi Malaba kwa ofisi ya wakala wa forodha, napiga hati za malori. Natoka hapa asubuhi, napita Alupe na Amukura, nafika kabla foleni haijachemka. Msalimie Shangazi, mwambie asiache kukanda magoti na mafuta.

Nimekaa na barua yako wiki mbili. Kila nikianza kujibu nakumbuka siku uliyofika kwa msiba. Mzee alikuwa ameshazikwa siku mbili kabla, nami ndiye nilikuwa na funguo za nyumba kwa sababu hata duka lilipofungwa niliendelea kumtunza, na ndiye nilimfunga macho. Nilikuja mlangoni kukukumbatia. Ukanyoosha mkono mbele ya watu wote ukasema, "Benedetta, wewe ni mfanyakazi hapa. Lete funguo." Nikakupa. Nilitembea mpaka nyumbani sioni njia.

Na wewe ndiye ulinileta dukani! Tumetoka darasa moja shule ya msingi, umekula atap, ugali wetu wa wimbi, kwa mama yangu mpaka ukalala pale. Mwaka 1996 nimemaliza kozi ya taipu, ukamwambia Mzee, "Baba, vidole vyake ni vyepesi, mchukue." Ukaenda zako Uingereza, nikabaki na baba yako. Sasa ulinifukuza kwa kazi gani?

Basi. Orodha iko chini. Sikuandika kwa kukumbuka kichwani, maana kichwani hamna kitu. Niliweka mikono juu ya meza ya jikoni, nikafunga macho, nikajiambia "andika Kigujarati," nikatazama kidole kinakwenda wapi. U ni ga. H ni ja. Z ni ra. S ni ka. T ni ta. N ni ma. D ni da. Endelea chini, zote arobaini na nane, pamoja na zile nusu herufi za kuunganisha.

Jambo moja la muhimu. Kuna kulabu ya "i" fupi, ile inayokaa kushoto kwa herufi. Sisi tulikuwa tunaipiga kwanza, kabla ya herufi yake. Sijui kama hiyo Unicode yako inalijua hilo.

Benedetta


Leicester
16 Machi 2024

Mpendwa Benedetta,

Assalaam aleikum. Watoto hawajambo? Na kazi ya Malaba? Sisi tumefunga, Ramadhani imeingia Jumatatu, na kwa kuwa siku za huku bado ni fupi hatulalamiki.

Kwanza ahsante. Kuhusu maneno niliyosema siku ile mlangoni, nitakuja huko, lakini kwanza nina swali, na nataka ulijibu kwa ukweli.

Ulisema kweli kuhusu kulabu. Kwa macho "i" inakaa kushoto, kwa hiyo mlikuwa mkiipiga mbele, lakini Unicode inaihifadhi nyuma ya herufi yake, kama inavyotamkwa. Mara ya kwanza programu yangu ilizitundika kulabu zote kwenye herufi za watu wengine. Nikaiandikia amri: ukikutana na kulabu, ibebe, ruka herufi inayofuata, kisha itue. Na kama mbele kuna nusu herufi iliyoungana na nzima, ruka zote mbili. Ilinichukua siku kumi. Nilipoona mstari wa kwanza umesimama sawasawa kwenye skrini nilipiga kelele mpaka jirani akagonga.

Nikamwita Shangazi Aidah asome, maana mimi Kigujarati changu cha kusoma kimekufa. Akavaa miwani. Akasoma kadi ya harusi ya mwaka 1999, ya binti wa mwenye duka la vitambaa. Akacheka. "Huyu Damina ni nani?" Nikamwambia ni bibi harusi. "Bibi harusi aliitwa Madina," akasema. "Nilikuwepo. Na kadi ninayo." Akaenda kwenye sanduku lake akaileta, kadi yenyewe, iliyochapwa na Baba. Madina. Tukalinganisha neno kwa neno. Kila penye "da" orodha yako inatoa "ma", na kila penye "ma" inatoa "da". Zile arobaini na sita nyingine ni sahihi kabisa.

Shangazi akasema umezeeka, umesahau. Nikamwambia Benedetta hasahau. Vidole vyako havijawahi kukosea, Baba mwenyewe alikuwa akijivunia hilo kwenye simu, ananiambia mimi, niliye mtoto wake, kwamba Benedetta hakosei.

Nilirekebisha mwenyewe. Ni amri mbili tu. Lakini nikarudi kwenye lile neno la kwanza la folda yangu, NLSZL. Kwa orodha yako linasomeka "mikri", neno ambalo halipo. Likirekebishwa linasomeka "dikri". Binti.

Kwa nini, Benedetta?

Hanan


Burumba
7 Aprili 2024

Hanan,

Yoga noi, kama mama yangu alivyokuwa akikusalimu. Natumai funga inaisha kwa heri na Shangazi hajidhoofishi. Sisi tuko, mvua imeanza, barabara ya Malaba ni tope.

Ndiyo, niligeuza makusudi. Nilijua utagundua, kwa sababu da na ma ziko kila mahali, mtu hawezi kuzificha. Ilikuwa akili ya mtoto. Lakini nilipofika kwenye N, mkono uliandika "ma" nikauacha. Kulikuwa na neno moja nililotaka lisitoke. Hilo umelitaja.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Protus. Mimi najua kusoma Kigujarati.

Mzee hakunifundisha. Alikuwa ananiandikia kwa kalamu ya risasi nyuma ya karatasi zilizoharibika, mimi nanakili maumbo kama mtu anayenakili ua la kitambaa. Lakini zile kadi za harusi zilikuwa na Kigujarati upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Nilianza na majina. Usman ni huyu, Hanan ni huyu. Kisha tarehe, kisha "mnakaribishwa", kisha "chakula". Halafu kutwa nzima nasikia Mzee akiongea na wateja wake. Mwaka wa sita nilikuwa nasoma jarida lote. Sikusema. Mara ya kwanza nilikaa kimya kwa aibu, baadaye kwa sababu lilikuwa jambo langu.

Folda yako ina barua mia moja na kumi na nane. Nimezipiga zote, isipokuwa kama kuna aliyoongeza mwenyewe. Kila moja inaanza na "dikri". Miaka na miaka, dikri hiki, dikri kile, dikri leo nimekuota. Asubuhi nampikia uji kwa kuwa meno yamemwisha, mchana ananipa karatasi ya kusema amekukumbuka wewe. Homa ikimshika namshika mkono mimi mpaka Alupe hospitali, akipona anakuandikia wewe kwamba alipona. Amepona na nani? Haandiki. Hanan, nimetafuta jina langu katika barua zile kama mtu anayetafuta sindano. Halimo. Mara mbili kuna "msichana wa chapa". Mara mbili!

Kama ningekuwa sijui kusoma, ningeishi vizuri. Ningedhani anaandika mambo ya dini.

Basi endelea kusoma, zote ni zako. N ni da, D ni ma.

Benedetta


Leicester
26 Mei 2024

Mpendwa Benedetta,

Assalaam aleikum, na pole na mvua. Nasikia mto umejaa huko. Shangazi amelazwa siku nne kwa ajili ya goti lakini amerudi na anagombana na kila mtu, kwa hiyo amepona.

Tumesoma. Kila Jumapili alasiri, barua nne au tano. Anasoma kwa sauti, anatafsiri, mimi naandika. Usman amesema tuzikusanye tuchape kitabu kidogo cha familia, watoto wajue babu yao alikuwa nani.

Umenieleza ulivyoumia. Sasa nisikilize na mimi. Simu yetu ya kila Ijumaa ilikuwa dakika tano. "Umekula? Kuna baridi? Kuswali unaswali? Haya, mpe mumeo salamu." Basi. Huyo ndiye baba niliyekuwa naye. Halafu nasoma kwamba siku moja upepo ulibeba karatasi za jarida kutoka mlangoni, zikavuka mpaka, askari wa Uganda akazirudisha akiwa amezipanga kwa namba za kurasa, na Baba akacheka mpaka akakaa chini, "na nilitamani ungekuwepo, dikri." Aliyekuwepo ni nani? Ni wewe. Wewe ulimwona akicheka. Wewe ulizisoma barua zangu wino haujakauka, na mimi nimezisoma amekwisha oza. Ulikuwa unapokea barua zangu, Benedetta! Hicho kinaniuma kuliko Madina kuwa Damina.

Na kwa nini hakuzituma? Hilo nimelipata, ni barua ya kumi na moja. Mwaka 1998 nilimwambia kwenye simu, kwa kujigamba, "Baba, siku hizi sisomi Kigujarati, nimesahau." Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nilidhani ni jambo la kuchekesha. Akaendelea kuandika hivyo hivyo, na kuweka kwenye folda.

Siku ile mlangoni nilikuona umeshika funguo zake, na macho yako yamevimba kuliko yangu. Nikaona watu wanakupa pole wewe kwanza. Ndiyo sababu. Si udhuru, ni sababu tu. Nisamehe.

Kuna faili moja inayokataa. Ni ya 14 Agosti 2012. Programu inaipitisha lakini maneno yanatoka yamevunjika, kama mtu aliyepiga akiwa kwenye gari linalotikisika. Unakumbuka chochote?

Hanan


Malaba
9 Juni 2024

Mpendwa Hanan,

Tumsifu Yesu Kristu. Nakuandikia kazini, kwa hiyo kwa ufupi. Nimefurahi goti la Shangazi. Nimekusamehe kuhusu mlango, ingawa nikifika pale bado navuka barabara nipite upande wa pili.

Agosti 2012 ni wakati nilipomzika mama. Nilikuwa Amukura siku tisa. Faili hiyo siijui, Mzee aliipiga mwenyewe. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, alikuwa akigusa kitufe cha jirani: akitaka S anapiga A au D, akitaka H anapata J. Nitumie jinsi ilivyo. Nitaisoma kwa makosa yake, nayajua yote.

Nasubiri.

Benedetta


Burumba
22 Septemba 2024

Hanan,

Salamu. Shangazi hajambo? Wewe hujambo?

Niliandika tarehe tisa Juni, nikaandika tena Julai mistari miwili, hukujibu. Usman nilikutana naye hapa mjini, akasema uko mzima na kitabu kinaendelea vizuri. Kwa hiyo si ugonjwa.

Nimefikiri sana. Nadhani umeisoma hiyo faili. Nadhani kuna kitu ndani yake. Kama Mzee amesema nimemwibia, au nilikuwa mzigo, niambie tu, mimi ni mtu mzima wa miaka arobaini na nane. Kama ni jambo la familia yenu lisilonihusu, sema halinihusu. Lakini usinifungie mlango mara ya pili, dada, na safari hii hata funguo sina za kukupa.

Benedetta


Leicester
2 Novemba 2024

Dada Benedetta,

Assalaam aleikum. Sina uso wa kukuuliza habari za nyumbani lakini nauliza: Protus, watoto, shamba la Amukura. Sisi wazima. Nilikuwa mzima muda wote huu.

Niliisoma Julai. Ulikuwa umenipa ufunguo wenyewe: kitufe cha jirani. Nilikaa na picha ya kibodi, nikaenda neno kwa neno, kila lililovunjika nikajaribu herufi za kushoto na kulia mpaka likasimama. Wiki tatu. Sikumwita Shangazi. Nilijisomea mwenyewe, taratibu, kama mtoto wa madrasa. Nakuwekea Kigujarati chake hapa kwenye faili, na chini ni Kiswahili changu.

"Dikri Hanan, leo napiga mwenyewe, makosa ni ya vidole vyangu. Benedetta amekwenda kumzika mama yake. Nimengoja siku kama hii kwa muda mrefu, kwa sababu nadhani anajua kusoma. Nikiandika jambo la kuchekesha, mdomo wake hutabasamu kabla mkono haujafika. Sijamuuliza. Ndiyo maana sijakuandikia habari zake: mtu haandiki habari za mtu aliyeketi kando yake, akampa yeye mwenyewe azipige.

"Mwaka 2003 ilikuja barua yake katika sanduku letu la posta. Kampuni moja ya kuchapa vitabu, Kisumu, ilikuwa imemkubali. Aanze Mei, wamfundishe kupanga kurasa. Niliifungua. Niliisoma mara mbili, nikaitia kwenye jiko la makaa, nikateleka chai juu yake. Wiki nane alikwenda posta kila Ijumaa, akarudi, akavua viatu vya matope mlangoni, akakaa kwenye mashine bila kusema. Nilimwona. Na mimi sikusema.

"Nilijiambia namwokoa na mji. Uongo. Nilimwonea wivu yule atakayeketi karibu naye huko. Wewe nilikuruhusu, ukaenda, nyumba ikanyamaza. Sikuweza mara ya pili.

"Na jambo jingine, usikasirike. Nikiamka asubuhi, wa kwanza kumfikiria si wewe. Ni yeye: amefika, amenyeshewa? Wewe nakukumbuka baadaye, wakati wa chai. Huenda ni kwa sababu wewe uko mbali. Huenda sivyo. Mwombee mzee wako."

Sasa sikiliza nilivyofanya. Fungu la mwisho nililisoma nikafunga kompyuta siku nne. Kisha nikatengeneza nakala yako, nikalifuta. Nilitaka upate ile ya jiko la makaa peke yake. Nilitaka umchukie, abaki wangu. Nakala hiyo ilikaa tayari kutumwa kuanzia mwisho wa Julai. Sikuituma, na nzima pia sikuituma, nikawa naandaa kitabu kama kwamba faili hiyo haipo.

Juzi Shangazi alikuwa anapitia kurasa zote, akavua miwani. "Na Benedetta yuko wapi humu?" Nikasema Baba hakumwandika. Akasema, "Ajabu. Mimi kila akinipigia simu alikuwa na habari za huyo msichana mpaka nachoka. Namwambia, Abdulnoor, una binti wako pia." Benedetta, kumbe dunia nzima ilijua, waliokuwa wakifichwa ni mimi na wewe.

Sisemi nimetubu. Nimechoka tu kuficha. Usman anataka kitabu kiende kuchapwa mwisho wa mwezi. Faili hii iingie au isiingie, amua wewe. Iingie nzima, iingie nusu, isiingie. Nitafanya utakavyosema, na Shangazi ni shahidi.

Dada yako,
Hanan


Malaba
17 Novemba 2024

Dada Hanan,

Tumsifu Yesu Kristu, na salamu zako zimefika. Protus yuko salama, kifungua mimba anafanya mtihani, mtama wa Amukura tumevuna. Mwambie Shangazi nampenda.

Barua yako niliifungua hapa ofisini. Kigujarati nilikisoma kwanza, chako cha Kiswahili sikukigusa mpaka nilipomaliza. Makosa yake yote niliyajua. Nilikuwa kama namsikia akikohoa. Nilipofika kwenye jiko la makaa niliacha kupiga hati za watu. Kulikuwa na dereva wa kutoka Soroti, Ojakol, amengoja karatasi zake tangu asubuhi, akaniinamia dirishani. "Nyabo, vipi? Umepata msiba?"

Nikamwambia, "Ndiyo. Wa mwaka 2003."

Akavua kofia. "Pole sana," akasema, na akakaa kwenye benchi akangoja.

Hanan, zile Ijumaa nilidhani nimefeli. Nilidhani Kisumu waliangalia barua yangu ya maombi, wakaona Kiingereza cha Amukura, wakacheka. Sikuomba tena kazi popote mpaka duka lilipofungwa. Miaka ile yote nilimshukuru Mzee moyoni kwamba yeye angalau ananitaka. Unaelewa alichonifanyia? Alininyima njia halafu akapokea shukrani.

Jumamosi nilikwenda makaburi yenu. Mlinzi akaniuliza, "Mama, unamtafuta nani?" Nikasema, "Kuna mtu nataka kumgombeza." Akanitazama, akafungua geti. Nilisimama pale nikamgombeza Mzee Abdulnoor kwa Kigujarati, mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukisema kwa sauti. Matamshi yangu ni mabaya sana, nilikuwa natafuta maneno, ikabidi nirudie mengine ili atukanike vizuri. Mlinzi alijifanya anafagia. Nilipomaliza nilimwambia Mzee sijamsamehe, na nitarudi nikisamehe. Bado.

Wewe unasema umechoka kuficha. Mimi wivu wangu kwako haujaisha, nisikudanganye. Nikisoma "dikri" bado moyo unafunga ngumi. Lakini nimesoma na zile siku nne ulizofunga kompyuta. Nazijua hizo siku. Mimi nilikuwa nazo kumi na tisa, za miaka.

Umeniambia niamue. Basi hivi. Faili iingie kitabuni. Jiko la makaa liingie lote, usipunguze hata nukta, pamoja na chai. Jina langu liandikwe kamili, Benedetta Aguti, na kwamba nilikuwa nasoma. Wajukuu wake wajue babu yao alikuwa mtu wa namna gani, mazuri yake na mabaya yake.

Lakini fungu la mwisho litoe. Lile la asubuhi. Watoto wako watakisoma kitabu hicho, na mtoto hafai kuona mama yake amewekwa wa pili na baba yake kwa maandishi. Lifute, usiache hata nafasi tupu.

Nakala yangu mimi naiacha nzima.

Ndimi dada yako,
Benedetta